Picha Isiyo na Mwenyewe

Mpelelezi wa kamati ya maadili ya utafiti aliitwa Bi Taratibu, na wala jina hilo hakupewa kwa kusifiwa. Zamani, alipokuwa polisi, wenzake walisema kwamba akimfuata mwizi, mwizi huota mvi njiani. Hawakuongeza kwamba mwizi huyo, pamoja na mvi zake, mwishowe alikuwa mikononi mwake. Sasa alikuwa amestaafu upolisi, magoti yakimlalamikia kila ngazi, na kazi yake ilikuwa kuchunguza tafiti za hospitali ambazo majibu yake yamekuwa mazuri kupita kiasi.

Alhamisi asubuhi aliitwa na daktari wa picha. Huyu alikuwa mwanamume mwembamba anayevaa sweta mwaka mzima, kwa sababu chumba cha mashine zake kilikuwa na baridi ya kuhifadhia samaki. Alimvutia mgeni wake kiti, akafunga mlango, akawasha skrini mbili.

"Unaijua picha ya sukari, Bi?"

"Nieleze kama unamweleza mtu asiyejua. Ndivyo nilivyo."

"Tunamdunga mgonjwa sukari yenye mionzi kidogo. Analala kimya kwenye chumba cha kusubiri mpaka sukari isambae, kisha tunampiga picha. Kiungo kinachokula sukari nyingi kinang'aa. Na saratani ni mlafi, hula kuliko majirani zake."

Kwenye skrini ya kwanza kulikuwa na mwili wa mwanamke, kijivu, umesimama kama kivuli. Shingoni na kifuani pamejaa vidonge vya mwanga vilivyobanana. Kwenye skrini ya pili mwili ulikuwa mtupu. Hakuna hata kidonge kimoja.

"Ya kwanza ni ya kabla ya matibabu," alisema daktari. "Saratani ya tezi. Ya pili ni ya wiki iliyopita. Mgonjwa yuleyule, kadi ileile. Profesa anayeongoza utafiti anasema tezi zote zimezimika, na Jumatatu anamtoa kwenye dripu."

"Hongera zenu. Mbona umeniita kwa sauti ya msiba?"

Daktari alisogeza kidole hadi kwenye mbavu za picha ya kwanza. "Ubavu huu uliwahi kuvunjika. Uliunga vibaya, uvimbe wa mfupa unaonekana." Akahamia picha ya pili. "Hapa ubavu uleule umenyooka. Saratani inaweza kuyeyuka kwa dawa, Bi. Mfupa uliounga kombo haunyooki kwa dripu."

"Basi ni watu wawili."

"Ni watu wawili. Na picha haikuchanganyika na ya mgonjwa mwingine, maana siku ile waliobaki wote walikuwa wanaume. Hii ni ya mwanamke, mfuko wa uzazi ule pale. Nesi alipompigia simu mgonjwa, aliyepokea aliapa kwamba picha ni yake, akasema kapona, tusimharibie. Akakata. Sasa hapokei."

Bi Taratibu alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo, akaivaa tena. Kwa waliomjua, hiyo ilikuwa ishara ya kwamba ameanza kazi.

"Kwa hiyo yupo mgonjwa mwenye saratani ambaye Jumatatu anaachishwa dawa kwa picha ya mtu mwingine."

"Ndiyo. Lakini huyo tunajua tumtafute wapi, na nikipiga kelele za kutosha dripu haitakoma." Daktari aliikuza picha ya pili hadi titi la kushoto likajaa skrini. Ndani yake mlikuwa na nukta moja ya mwanga, ndogo kama punje ya mtama. "Aliyenikosesha usingizi ni huyu. Profesa anasema ni vumbi la mashine. Si vumbi. Nadhani ni saratani nyingine kabisa, ndiyo kwanza inaanza. Akipatikana sasa, ana nafasi kubwa sana ya kupona. Akipatikana baada ya mwaka, sijui. Huko nje kuna mwanamke anakwenda sokoni, anacheka, hajui kitu. Na mimi nina picha yake, sina jina lake."

Bi Taratibu aliusogeza uso karibu na skrini, akaanza kuutazama ule mwili kuanzia utosini, kama mtu anayekagua nyumba anayotaka kupanga.

"Kooni hapa pana mwanga pande zote mbili. Ni nini?"

"Nyuzi za sauti. Aliongea wakati wa kusubiri. Tunawakataza, hawasikii. Ukiongea, misuli ya koo inakula sukari. Ukitafuna, taya zinang'aa."

"Msuli ukifanya kazi unang'aa."

"Hasa. Ndiyo maana tunawaambia wasifanye kazi nzito tangu jana yake."

Kidole chake kilikuwa kimefika miguuni. Kwa kuwa utafiti ulikuwa wa mazoezi, mashine ilipiga picha mpaka vidole vya miguu. Mbele ya muundi, chini ya goti, msuli mmoja mrefu uling'aa. Mguu wa kulia. Wa kushoto ulikuwa umelala.

"Na huu?"

"Msuli wa kunyanyua unyayo. Profesa anasema ni mazoezi ya kutembea."

"Sawa," alisema Bi Taratibu, akasimama kwa kushikilia meza. "Ngoja nikamuulize Profesa huwa anatembea kwa miguu mingapi."

*

Profesa alipatikana kwenye ukumbi wa mazoezi. Baiskeli zisizokwenda popote zilikuwa zimepangwa mstari mmoja ukutani, na wagonjwa wawili walikuwa wakizikanyaga polepole huku wakipiga soga. Alikuwa mtu wa nyama nyingi na tabasamu la haraka, na hakuna aliyewahi kumwona juu ya baiskeli.

"Bi Mpelelezi! Nimesikia yule wa picha amekujaza hofu. Mimi utafiti wangu uko wazi. Mgonjwa anayefanya mazoezi wakati wa matibabu anazistahimili dawa vizuri zaidi, na sukari yake ya damu inatulia. Huyu mama ni mfano. Mara mbili alirudishwa bila kupigwa picha kwa sababu sukari ilikuwa juu. Sukari ikiwa juu picha haisomeki. Mara ya tatu wakamtoboa kidole, sukari safi! Ni nini kama si mazoezi?"

"Kwa nini ilikuwa juu hapo kwanza?"

"Vidonge. Kuna vidonge vinakwenda pamoja na dripu, vinapandisha sukari. Kawaida."

"Vidonge mlimpa ninyi?"

"Ndiyo, ni sehemu ya matibabu."

"Na asingepigwa picha mara ya tatu?"

Tabasamu la Profesa lilipungua kidogo. "Kanuni ni kwamba ukikosa picha mara tatu unatolewa kwenye utafiti. Lazima pawe na mpaka."

"Akitolewa, dawa anapata wapi?"

"Dawa ni za utafiti," alisema Profesa, akageuka kuwatazama wagonjwa wake wa baiskeli. "Anatafuta kwingine."

Kwingine hakukuwepo, na wote wawili walilijua hilo. Bi Taratibu alilipisha jambo hilo lipite, ila hakulisahau.

"Ule mguu unaong'aa, Profesa. Ukitembea, unatumia mingapi?"

"Miwili, bila shaka."

"Wa kwenye picha katumia mmoja. Wa kulia tu. Na pale mbele, msuli wa kunyanyua unyayo, si nyuma anaposukumia mtu anayetembea."

Kipenda roho hula nyama mbichi, na Profesa aliipenda ile picha tangu siku ya kwanza. Mtu anayependa namna hiyo haendi kuhesabu miguu.

"Unanishuku mimi," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Unadhani nimemlaza mwanamke mzima kwenye mashine ili matokeo yapendeze."

"Nashuku kila mtu kwa zamu. Zamu yako haijaisha. Katika watu wako, yupo mwanamke anayefanya kazi kwa mguu wa kulia?"

Alifikiri, na bila shaka alitamani asingefikiri.

"Dereva wetu," alisema.

*

Dereva wa gari la utafiti alikuwa mwanamke wa makamo waliyemwita Dada Gia. Alikutwa nyuma ya jengo akiosha vioo, na kabla Bi Taratibu hajamaliza kusalimia alikuwa ameshapewa kiti, maji ya kunywa, na habari za jirani wa Dada Gia aliyefuga kuku juu ya bati. Mpelelezi alisikiliza yote. Moyoni alikuwa akijumlisha: ni mwanamke, anashinda mguu wa kulia kwenye pedeli ya mafuta, na kimya cha chumba cha kusubiri kwake ni adhabu.

"Wewe umewahi kuingia kwenye ile mashine ya picha, mwenzangu?"

"Mimi? Thubutu! Mashine gani itanikubali mimi na vyuma vyangu?" Alivuta kola ya shati pembeni. Juu ya mtulinga palikuwa na kovu refu lililopanda kama zipu. "Ajali. Humu ndani kuna bamba la chuma na skrubu. Nikipita mlango wa ukaguzi benki, unalia mpaka walinzi wanakuja kunisalimia kwa jina."

Bi Taratibu alikumbuka mabega ya picha ya pili. Mifupa mitupu, hakuna bamba wala skrubu. Zamu ya Dada Gia ilikuwa imekwisha, na ya Profesa nayo ilikuwa inayeyuka.

"Siku ile ya picha ulimleta wewe yule mama wa saratani ya tezi?"

"Mimi mwenyewe. Namchukua mbele ya nyumba kila mara. Barakoa, kitambaa kichwani, maskini, nywele zote zilikwisha. Siku ile alifurahi jamani! Kunisalimia tu, nikaruka. Nikasema, dawa zimeshika."

"Kwani siku zote hakusalimii?"

"Ananisalimia, ila kwa mnong'ono. Sauti ilimkauka tangu ugonjwa uanze. Inabidi nizime redio ndiyo nimsikie. Siku ile akasema 'Habari za asubuhi, dada' mpaka mlinzi wa geti akaitikia." Alicheka, kisha akaendelea kusugua kioo. "Aliniachia uchafu tu kwenye kiti. Vijiuzi. Vyeupe na bluu, vimenasa kila mahali. Niliokota mpaka nikachoka."

"Vijiuzi," alisema Bi Taratibu.

"Vya nguo. Sijui alikuwa amevaa nini."

Bi Taratibu alimshukuru, akasogea kivulini, akampigia simu daktari wa picha.

"Mgonjwa wetu hana sauti. Je, nyuzi za sauti za mtu wa namna hiyo zinakuwaje pichani?"

Kwenye simu zikasikika kelele za kibodi.

"Tezi za kifuani zilibana mshipa wa sauti," alisema daktari taratibu. "Uzi wa upande mmoja umepooza. Kwenye picha ya kwanza upande wa kushoto ni giza tupu. Ya pili inang'aa kote kote. Nilikuwa nautazama ubavu, koo sikulitazama."

"Huyo wa picha ya pili anaongea, tena sana. Na anashona nguo kwa cherehani ya umeme, pedeli mguu wa kulia. Ukiibonyeza kidogo kidogo kutwa nzima, unyayo unaning'inia hewani, msuli wa mbele ya muundi ndio unaoubeba. Mama yangu alikuwa fundi. Jioni alikuwa anaukanda mguu huohuo kwa maji ya moto."

"Yuko wapi?"

"Nadhani anakaa na mgonjwa. Aliingia garini mbele ya nyumba ileile, akiwa na kadi ya mgonjwa. Na mapokezi lazima aliulizwa tarehe ya kuzaliwa ya mgonjwa, akaitaja bila kujiuma ulimi."

"Nenda basi, Bi! Kwa nini hukwenda tangu asubuhi?"

"Ningekwenda asubuhi ningeuliza, 'Ni wewe?' Angesema siyo. Mtu akishakana mara moja, kukana mara ya pili ni rahisi kama kupiga chafya. Sasa siendi kuuliza."

*

Cherehani ilisikika tangu kwenye korido. Ilikuwa inakwenda kwa vipande, ikikimbia, ikisimama, ikikimbia tena. Bi Taratibu alibisha hodi, na mlio ukakatika.

"Karibu! Mlango uko wazi, sukuma tu, unakwama chini!"

Kilikuwa chumba kimoja kikubwa kilichogawanywa kwa pazia. Dirishani palikuwa na cherehani, na kando yake mlima wa sare za shule, nyeupe na bluu. Fundi alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, uso mwepesi, tepu ya kupimia shingoni. Kwenye kiti cha mito alikaa mwanamke mwingine aliyefanana naye kama vikombe vya seti moja, ila huyu alikuwa mkubwa, amekonda, kitambaa kichwani. Joto lilikuwa la kutoa jasho, lakini alikuwa amejifunga mtandio shingoni mara mbili.

"Shikamoo, mama," alisema fundi. "Kama ni sare, nina foleni mpaka mwezi ujao. Kama ni kupunguza tu, hilo nitakufanyia sasa hivi. Kaa, usikae kile, kile kina sindano."

"Marahaba, mwanangu. Si nguo. Natoka hospitali."

Fundi alitazama dada yake, dada akatazama mikono yake mwenyewe.

"Dada amepona," alisema fundi haraka. "Walisema wenyewe. Profesa mwenyewe alipiga simu. Tunashukuru sana, hatuna malalamiko, mazoezi anafanya, anatembea mpaka kona na kurudi, sukari..."

"Mwanangu, vua kiatu cha kulia."

"Kiatu?"

"Kisha kanyaga tena pedeli, ushone hicho kipande chako. Ninataka kuona mguu."

Fundi hakuvua. Hakukanyaga. Mkono wake ulipanda kwenye tepu, ukaishika kama mtu anayeshika kamba asianguke.

"Siku ya picha ulishona mpaka gari lilipofika," alisema Bi Taratibu kwa upole. "Walimwambia dada yako asile na asifanye kazi nzito. Kula, hukula. Lakini kushona kwako ni kukaa, si kazi."

"Sare zilikuwa zinatakiwa asubuhi ile," alisema fundi, na papo hapo akauziba mdomo wake kwa mkono.

Basi likawa limesemwa. Kutoka kwenye kiti cha mito kulitoka sauti nyembamba, ya hewa zaidi kuliko ya mtu, ikabidi Bi Taratibu ainame aisikie.

"Kadi nilimpa mimi. Kama ni kufungwa, ni mimi."

"Uongo! Dada alikataa, nikamwibia kwenye pochi!"

"Nilimpa mimi," mgonjwa alirudia. "Sukari ilikuwa inakataa kushuka. Nilishinda njaa, nilitembea, nilikunywa maji mpaka tumbo likauma. Mara mbili wakanirudisha. Ya tatu wangenitoa." Alipumzika, akavuta pumzi. "Yeye akasema, 'Niende mimi mara hii tu, ufike kwenye dripu ijayo.' Hatukujua kwamba picha itasema nimepona."

"Walipopiga simu," alisema fundi, sasa machozi yanamtiririka na hayafuti, "nilitaka kwenda kusema ukweli siku ileile. Dada akanikataza. Anasema watanifunga. Na mimi nikiwaza nikisema watamtoa. Basi tumekaa hivi, kila mmoja anamfichia mwenzake. Mama, tezi zimeanza kurudi. Mwone shingo."

Mgonjwa aliufungua mtandio. Chini ya sikio palikuwa na tezi iliyotuna kama ndimu. Bi Taratibu aliitazama, na akaona hasira ikimpanda, hasira ya kweli, na haikuwa juu ya hawa wawili.

"Nisikilizeni," alisema. "Mimi si polisi tena. Kazi yangu ni kuieleza kamati kilichotokea. Nitaieleza kwamba mgonjwa alipewa vidonge vinavyopandisha sukari, kisha akawekewa kanuni ya kumfukuza sukari ikipanda. Waliotunga kanuni hiyo ndio watakaojibu. Wewe, dada, Jumatatu unarudi kwenye dripu. Daktari wa picha amesema atapiga kelele, na mimi nitakaa kando yake nikimsaidia."

Fundi alicheka na kulia kwa pamoja. Aliinuka, akataka kupiga magoti, na Bi Taratibu akamrudisha kwenye kiti kwa mkono.

"Kaa kwanza. Hilo silo nililolijia."

"Kuna lingine?"

"Katika chumba cha kusubiri walikwambia unyamaze. Ulikuwa unaongea na nani?"

"Na ukuta," alisema fundi kwa aibu. "Nilikuwa nakariri, kwa sauti ya chini. Nimezaliwa lini, nimeanza kuumwa lini, nina watoto wangapi, dawa zangu zinaitwaje. Niliogopa wataniuliza nikajibu ya kwangu. Nimekariri maisha ya dada mpaka nikaanza kuhisi naumwa."

Bi Taratibu alivuta kile kiti chenye sindano, akaitoa sindano, akaichomeka kwenye pindo la pazia, akaketi mbele yake. Miaka yote ya kazi yake aliwahi kuwaambia watu wengi kwamba wamekamatwa. Hili lilikuwa zito kuliko yale yote, na hakutaka kulizungusha.

"Mwanangu, picha ile ni yako. Si ya dada yako. Kila kilichomo ndani yake ni chako. Na ndani yake, titi la kushoto, kuna nukta ndogo. Daktari anadhani ni saratani inayoanza. Hajui kwa hakika, anahitaji kukupima. Lakini amesema imeonekana mapema sana, na ikiwa ndiyo, una nafasi kubwa ya kupona."

Mguu wa kulia wa fundi ulikandamiza pedeli bila yeye kujua. Cherehani ilikurupuka, sindano ikapanda na kushuka, ikashona hewa. Ilikwenda hivyo mpaka dada mtu alipoinuka kutoka kwenye mito, akavuka chumba akishikilia meza, akainama, akauondoa ule mguu kwa mikono yake miwili.

"Nilikwenda kukuazima mwili mzima," alisema fundi. "Kumbe na wangu nao una lake."

"Nyamaza."

"Dada, nilijisikia mzima kabisa."

"Ndiyo maana ni vizuri," alisema mgonjwa kwa ule mnong'ono wake, akampakata kichwa tumboni pake. "Mimi nilipoanza kujisikia mgonjwa, ilikuwa imeshafika kifuani. Wewe imekutwa mlangoni. Usingekwenda badala yangu, nani angeiona?"

Fundi aliushika mkono wa dada yake, akaukandamiza shavuni.

"Ningeweza," alisema dada yake, "ningekwenda mimi badala yako. Naapa ningekwenda."

"Hapana," alisema Bi Taratibu. "Kubadilishana basi. Sasa kila mtu aende na mwili wake."

*

Jumatatu asubuhi walifika hospitali kwa gari la Dada Gia, ambaye safari hii aliendesha bila soga, redio imezimwa. Daktari wa picha alikuwa amesimama karibu na mapokezi ndani ya sweta lake. Alimtazama fundi akiingia mlangoni, uso kwa uso kwa mara ya kwanza, akainamisha kichwa kama mtu aliyekuwa anamfahamu siku nyingi.

Nesi wa mapokezi hakuinua macho.

"Mgonjwa yupi, msindikizaji yupi?"

Fundi alimtazama dada yake. Ilikuwa dada yake aliyejibu, na nesi ikabidi aache kalamu na kusogeza sikio.

"Mgonjwa mimi. Na huyu mdogo wangu, naye ni mgonjwa."

"Wote wawili? Na msindikizaji je? Lazima pawe na mtu wa kuwasubiri."

Mgonjwa aligeuka nyuma. Huko kwenye ngazi za kuingilia, Bi Taratibu alikuwa anapanda, mkono mmoja kwenye chuma cha pembeni, mwingine umebeba mifuko yao miwili, akipumzika kila baada ya hatua chache.

"Yule pale anakuja," alisema. "Tumsubirini kidogo."